Klabu ya Mpira na Daftari Lake

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Rau, Moshi)



Tunajua wengi mmetoka shambani, na wengine mna zamu ya maji ya mfereji jioni hii. Hatutawachelewesha.

Leo tutazungumza juu ya klabu ya mpira. Tumesema klabu, siyo kilabu. Kilabu cha mbege mnakijua wenyewe, hakihitaji mwalimu!

Mnakumbuka kelele zilizotokea darasani juzi. Hawa Simba, hawa Yanga, ubao ukasahauliwa. Ndipo mzee mmoja akatuuliza: "Mwalimu, hizo timu zina umri gani? Na kwa nini timu zetu za hapa hazifiki hata miaka mitano?" Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tumekuja nalo.

WALIMU WA SUNDERLAND

Kwanza twende mbali kidogo. Uingereza kuna mji unaitwa Sunderland. Uko kando ya bahari, upande wa kaskazini mashariki. Zamani watu wake walifanya kazi ya kuunda meli na kuchimba makaa ya mawe.

Mwaka 1879 mwalimu mmoja wa shule, James Allan, aliwakusanya walimu wenzake. Wakaanzisha timu ya mpira. Mwanzoni wanachama walikuwa walimu peke yao. Lakini mfuko wa mwalimu mnaujua! Fedha zikawa haba. Basi mwaka 1880 wakafungua mlango, watu wa kazi nyingine wakaingia. Timu ikapata nguvu.

Baadaye kukatokea ugomvi. Mwaka 1888 Allan yule yule aliyeanzisha timu aliondoka. Yeye na wenzake wakaunda timu nyingine katika mji ule ule, ikaitwa Sunderland Albion. Timu hiyo mpya ilikufa mwaka 1892. Na mwaka huo huo ile ya zamani ilipata ubingwa wake wa kwanza wa Uingereza. Jumla imeupata mara sita: 1892, 1893, 1895, 1902, 1913 na 1936.

Viwanda vya meli vya mji ule vilifungwa mwaka 1988. Mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa mwaka 1993. Mahali palipokuwa na mgodi pakajengwa uwanja wa mpira, ukafunguliwa mwaka 1997. Kazi za babu zao zimekwisha, lakini klabu ingalipo.

JINA HILO LAFIKA DAR ES SALAAM

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1935 Waafrika wa Dar es Salaam waliunda klabu ya Young Africans, yaani Waafrika Vijana. Jina lilikuwa refu mdomoni, watu wakalikata: Yanga.

Haukupita muda, wakatofautiana. Mwaka 1936 baadhi yao walitoka wakaunda timu yao. Timu hiyo ilibadili majina, lakini jina lililojulikana sana ni Sunderland. Ndiyo, jina la timu ile ya walimu wa Uingereza! Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ya Dar es Salaam ndiyo iliyochukua ubingwa. Ikachukua tena mwaka 1966. Mwaka 1971 jina la kigeni likaachwa. Tangu hapo tunaiita Simba.

Kwa hiyo, ninyi mnaozomeana darasani, jueni kwamba mnatoka nyumba moja. Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0 mwaka 1968. Simba ikalipa mwaka 1977, mabao 6 kwa 0. Deni limelipwa na riba juu. Tuendelee na somo.

Yanga iligawanyika mara nyingine. Mwaka 1976 waliojitenga waliunda Pan African. Hiyo nayo ilikuwa timu kali, ikachukua ubingwa mwaka 1982. Lakini haikudumu juu, ikashuka daraja.

Simba na Yanga wamebaki. Simba ilifika fainali ya Afrika ya Kombe la CAF mwaka 1993, na ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Hakuna aliyeleta kombe, lakini kufika fainali si mchezo.

KWA NINI WAMEDUMU?

Hatusemi kwamba klabu hizi hazina ugomvi. Wamegombania uongozi, wamegombania fedha, mara nyingi tu. Ila kuna mambo matatu wanayo. Wana wanachama walioandikwa. Wana katiba na mkutano wa wanachama. Na wana nyumba yao: Yanga pale Jangwani, Simba pale Msimbazi. Kiongozi akiondoka, haondoki na klabu mfukoni.

Je, sisi wa mlimani ni wageni wa mambo haya? Hata kidogo. Chama chetu cha ushirika, KNCU, kilianza mwaka 1933, miaka miwili kabla ya Yanga. Wazee wetu walibeba kahawa kichwani mpaka chamani. Ikapimwa, wakapewa stakabadhi. Hata asiyejua kusoma aliificha stakabadhi yake sandukuni, maana alijua ni fedha.

Sasa tazameni. Kwa kahawa tulidai karatasi. Kwa mpira tunatoa fedha mkononi na kwenda zetu.

TIMU TULIYOIUA WENYEWE

Ipo timu moja, hatuitaji jina. Ilichangisha fedha za jezi. Hakuna aliyeandika nani ametoa nini. Jezi zilipokuja zilikuwa tisa. Huyu akamshuku yule, wazazi nao wakaingia. Vijana wakagawanyika. Kundi moja likabaki na mpira, kundi jingine likabaki na nyavu. Hakuna lililofikisha watu kumi na mmoja.

Hata leo hatujui kama kuna aliyeiba. Labda hakuna. Labda bei ilipanda tu. Lakini bila daftari, mwaminifu na mwizi wanafanana, na mwaminifu hana cha kujitetea.

Na sisi tulikuwa miongoni mwa waliochanga. Kazi yetu ni kufundisha kuandika, lakini siku ile hatukuuliza daftari liko wapi. Kosa hilo ni letu pia, na tunalisema mbele yenu.

SASA VIJANA WANAOMBA TENA

Mmesikia kwamba vijana wanataka timu mpya na wameanza kupita nyumba kwa nyumba. Tuwape. Kijana aliye uwanjani jioni tunajua yuko wapi. Lakini kabla ya kutoa, kila mmoja aulize mambo haya:

Daftari liko wapi, na analiandika nani?
Nitapewa risiti?
Mkutano wa kusoma hesabu ni lini?
Tukitofautiana, mpira na jezi ni mali ya nani?

Tulipoyasema haya darasani, mama mmoja alinyanyua mkono. Mwaka jana alikuwa akitia dole gumba. Akasema, "Mwalimu, mimi mpira siujui, lakini daftari la kikundi chetu cha kuweka akiba ninaliandika mimi. Na la vijana nitaliandika." Wanaume wakacheka. Tuliwaambia wasicheke. Simba ina timu ya wanawake, Simba Queens, na mwaka 2022 ilikuwa ya nne katika Afrika. Kama mwanamke anaweza kufunga bao, atashindwa kuandika mapato na matumizi?

Vijana wamekubali. Mkutano wa kwanza ni Jumapili, baada ya ibada. Njoni na kalamu.



MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini walimu wa Sunderland waliwakaribisha watu wengine?
2. Timu gani zilizaliwa kutokana na ugomvi? Ipi imedumu, ipi imekufa?
3. Andika risiti ya mchango wa shilingi 2,000. Usisahau tarehe na sahihi.