Transista ya Bipola: Utendaji Wake na Kazi Zake

Transista ya bipola ni kipande cha silikoni chenye tabaka tatu zilizoungana: emita, besi na kolekta. Katika aina ya NPN, emita na kolekta hutiwa fosforasi, hivyo huwa na elektroni nyingi zilizo huru kutembea. Besi iliyo katikati hutiwa boroni, ambayo huacha matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni. Katika aina ya PNP mpangilio hugeuzwa. Mambo mawili hayaonekani katika mchoro wa saketi, lakini kazi yote inayategemea: besi ni nyembamba mno, na emita hutiwa fosforasi nyingi kuliko besi inavyotiwa boroni. Anayeunga dayodi mbili kwa waya hapati transista, kwa sababu elektroni hupotea kabla hazijavuka.

Besi ikizidi emita kwa takriban volti 0.6 hadi 0.7, kizuizi kilichopo mpakani mwao hushuka na elektroni humiminika kuingia besi. Humo ndani hazivutwi kwa nguvu na uga wowote. Husambaa zenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Kwa kuwa safari ni fupi, karibu zote hufika mpaka wa kolekta kabla ya kukutana na tundu. Mpaka huo una uga mkali wa umeme, kwa sababu kolekta imewekewa volteji ya juu zaidi, na elektroni inayoufikia huvutwa mara moja. Chache zinazojaza matundu njiani, pamoja na matundu yanayovuka kuelekea emita, ndiyo sababu besi huhitaji mkondo mdogo wake yenyewe.

Uwiano wa mkondo wa kolekta kwa ule wa besi huitwa beta. Wanafunzi wengi hufundishwa kuutegemea, na hapo ndipo makosa mengi ya usanifu huanzia. Transista ya BC547, inayopatikana karibu katika kila duka la vipuri, huruhusiwa kuwa na beta kuanzia 110 hadi 800 kulingana na kundi lake. Isitoshe, beta hupanda joto linapopanda. Kinachotabirika zaidi ni uhusiano wa mkondo na volteji iliyopo kati ya besi na emita: katika joto la kawaida la chumba, kila ongezeko la takriban milivolti 60 huzidisha mkondo wa kolekta mara 10.

John Bardeen na Walter Brattain walipata transista ya kwanza iliyofanya kazi Desemba 1947 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey, Marekani. Ilikuwa ya ncha za dhahabu zilizogusa gerimani, nayo ilikuwa dhaifu na ngumu kutengeneza. Wiki chache baadaye William Shockley alibuni muundo wa tabaka tatu ulioelezwa hapo juu, na wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956. Redio ya Regency TR-1, iliyouzwa Marekani kuanzia 1954, ilitumia transista nne tu. Redio za aina hiyo, zisizohitaji umeme wa gridi, ndizo baadaye zilizofikisha taarifa za habari katika vijiji vya Afrika Mashariki.

Matumizi yaliyo mepesi kueleweka ni swichi. Tuseme saketi ya kudhibiti inatoa volti 5, na rilei ya volti 12 yenye koili ya omu 400 inahitaji miliampea 30. Kwa beta ya 100, miliampea 0.3 zingetosha kwenye besi. Msanifu makini huipa mara kumi ya hiyo, kwa rezista ya kiloomu 1.5, ili transista ifunguke kabisa na volteji kati ya kolekta na emita ishuke hadi takriban volti 0.2. Dayodi sambamba na koili ni ya lazima: bila hiyo, volteji inayoruka koili inapozimwa yaweza kuua transista.

Ukuzaji wa mawimbi ya sauti ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu transista lazima ikae katikati, isizime wala isifunguke kabisa. Kuifungia besi volteji moja isiyobadilika ni hatari. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka hupunguza kwa milivolti 2 hivi volteji inayohitajika kwa mkondo uleule. Kwa hiyo mkondo hupanda, joto huongezeka, na mkondo hupanda tena hadi kifaa kiungue. Dawa yake ni rezista kwenye emita. Mkondo ukipanda, volteji ya emita hupanda pia, na pengo kati yake na besi hupungua.

Katika umeme wa volti 12, rezista za kiloomu 62 na 10 huigawia besi takriban volti 1.67, na kiloomu 1 kwenye emita huweka mkondo karibu na miliampea 1. Beta ikihama kutoka 110 hadi 800, mkondo huo hubadilika kwa chini ya asilimia 10. Kwa kiloomu 4.7 kwenye kolekta, wimbi hukuzwa mara 4 na nusu hivi. Kapasita ikiwekwa sambamba na rezista ya emita, ukuzaji hufika karibu mara 180.

Ndani ya kompyuta, transista za MOSFET zimeshika nafasi kwa sababu hazihitaji mkondo wa kudumu kwenye lango, yaani mguu wake wa kudhibiti. Bipola imebaki katika amplifaya, vipima joto, vyanzo vya volteji ya rejea, na, ikichanganywa na gerimani, katika rada za magari.

Fundi anayebadilisha transista aangalie kwanza mpangilio wa miguu. Uso bapa ukimwelekea na miguu ikiwa chini, BC547 husomeka kutoka kushoto kolekta, besi, emita, ilhali 2N3904 huanza na emita. Kipimo cha dayodi katika multimita huonyesha takriban volti 0.6 hadi 0.7 kutoka besi ya NPN nzima kwenda kila mguu mwingine. Mita ikionyesha karibu sifuri kati ya kolekta na emita, transista hiyo imeshakufa.