Foleni ya Bayhead na Kichujio cha Masizi cha Lori la Dizeli



Malori yanayofuata kontena katika gati za Pier 1 na Pier 2 hapa Durban hupita Barabara ya Bayhead. Novemba 2023 meli kwa makumi zilikwama nje ya bandari zikingoja zamu, na wanaofanya kazi hii wanajua foleni ilivyo siku kama hizo: unasogea hatua chache, unasimama, injini haizimwi. Hoja yangu ni kwamba kichujio cha masizi, tunachokiita DPF, huharibikia hapo, si kwenye milima ya barabara kuu ya N3.

Ndani ya kichujio mna kauri yenye vijitundu kama sega la nyuki. Kimoja kimezibwa mbele, jirani yake nyuma, kwa hiyo moshi hulazimika kupenya ukuta na masizi yakabaki. Masizi hayo sharti yachomwe. Lori lenye mzigo likipanda N3 kuelekea Pietermaritzburg, moshi hufikia nyuzi 300 na zaidi, na masizi huungua polepole dereva asijue. Lori likiwa limesimama huku injini ikiunguruma, moshi huwa na nyuzi 100 hadi 200 tu. Hapo hakiungui kitu.

Kompyuta ya injini hujaribu kuokoa hali kwa kunyunyiza dizeli ya ziada ili iungue kwenye katalisti, kifaa cha ekzosi kilicho kabla ya kichujio, na kupandisha joto hadi nyuzi 600 hivi. Katalisti ikiwa ya baridi, dizeli hiyo haiwaki. Katika injini zinazoinyunyiza ndani ya silinda, sehemu yake huchuruzika hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili uangalie: kiwango kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza, na oili inanuka dizeli, basi uchomaji umeanza mara nyingi bila kukamilika. Oili hiyo nyepesi hula beringi.

Taa ya kichujio ikiwaka, usichome masizi ndani ya foleni. Bayhead hutumiwa pia na malori ya mafuta ya Island View, na joto la ekzosi wakati huo ni hatari. Tafuta uwanja wa zege, mbali na nyasi kavu, weka gia huru, funga breki ya mkono, bonyeza swichi ya kuchoma masizi, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima bila kuzima.

Dizeli nayo ina lake. Afrika Kusini imekuwa ikiuza ya salfa miligramu 500 kwa kilo pamoja na ya 50. Lori lenye kichujio lisiguse ya 500.

Wapo wanaokata kichujio na kutoa kauri yote. Napinga kabisa. Mitaa ya Clairwood, Wentworth na Merebank iko jirani na bandari, na tangu Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani.

Wenye malori, pangeni matengenezo kwa saa za injini, si kwa kilomita pekee, kwa sababu foleni haionekani kwenye kilomita. Foleni ikikwama kabisa, injini izimwe. Na dereva aliyesimamisha lori ili kuchoma masizi asikatwe posho kwa kuchelewa.