Vuta, Kisha Ukunje

Somo: Waefeso 4:25–32

  Leo twawaomba mtufuate hadi jikoni, maana jambo tunalotaka kuzungumza nanyi limo ndani ya sufuria.

Ukitoka Kanisa Kuu la Anglikana hapa Mombasa, ukashika Barabara ya Nkrumah kuelekea Fort Jesus, kisha ukaingia Ndia Kuu, umekwisha kufika Mji wa Kale. Watu wakitaja vitu vitamu vya mtaa ule hukumbuka kwanza halua, wala si ajabu. Lakini iko tamutamu nyingine, ndogo, ya bei ya watoto, nayo ni gubiti. Hii hupikwa nyumbani, bila mashine yo yote. Vinavyotakiwa vyote vyapatikana Marikiti au katika duka la jirani: sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, ndimu, na kidogo cha kuleta harufu, kama hiliki au tangawizi.

Sukari na maji hutiwa katika sufuria na kukorogwa mpaka sukari iyeyuke yote. Shira ikianza kuchemka, mwiko huwekwa kando, haikorogwi tena. Hapo hukamuliwa ndimu, kiasi cha kijiko kidogo. Ndimu ile haitiwi kwa ajili ya ladha tu. Sukari iliyoyeyuka ina tabia ya kutaka kurudi ilikotoka. Chembe moja hushika nyingine, na mara shira yote imekuwa kama mchanga. Ukali wa ndimu, pamoja na moto, huigawa sehemu ya sukari hiyo kuwa sukari za aina mbili nyingine, nazo huzizuia chembe zisishikane.

Kisha mpishi hujaribu. Hudondosha tone moja katika bakuli la maji baridi. Likiyeyuka, bado. Likiwa laini vidoleni kama nta, bado. Likikauka na kuvunjika, ni tayari, na asikawie, maana kutoka kuiva hadi kuungua ni muda mfupi mno. Shira humwagwa juu ya sinia lililopakwa mafuta, na kingo zake hukunjwa kuelekea katikati kadiri zinavyopoa.

Sasa ndipo kazi yenyewe huanza. Donge likiwa bado lina moto, lakini mikono iliyopakwa mafuta yaweza kulistahimili, huinuliwa na kuvutwa. Mtu mmoja aweza, ila donge likiwa kubwa watu wawili ni bora, kila mmoja na ncha yake. Huvuta mpaka liwe kamba ndefu, kisha huzileta ncha pamoja na kuikunja kamba. Huvuta tena, hukunja tena. Donge lililokuwa la rangi ya asali na kuonya kama kioo huanza kung'aa kama hariri, na mwisho huwa jeupe. Hapakutiwa maziwa wala rangi. Weupe ule ni hewa, mapovu madogo sana yaliyofungiwa ndani kila kamba ilipokunjwa. Kwa sababu ya hewa hiyo gubiti hutafunika. Isipovutwa ingekuwa ngumu kama jiwe. Kisha hukatwa kwa mkasi vipande vidogo, hufungwa katika karatasi, na kuwekwa ndani ya mkebe wenye kifuniko, kwa kuwa hewa ya bahari yetu ina unyevu, na sukari huunywa upesi ikaanza kunata.

Wala kazi hii si ya Mombasa peke yake. Huko Marekani, katika karne ya 19, vijana walikuwa wakikusanyika jioni katika nyumba moja na kuvuta peremende za namna hii wawili wawili, na hiyo ndiyo ilikuwa karamu yao.

Sasa, ndugu zetu, litazameni neno lenyewe. Katika lugha yetu, tukisema watu fulani wanavutana, hatumaanishi kwamba wanapika gubiti. Twamaanisha kwamba hawapatani. Mume na mke wanavutana. Wazee wa kanisa wanavutana na vijana. Ndugu wa tumbo moja wanavutana juu ya kiwanja alichoacha baba yao. Na wengi wetu hudhani kwamba ubaya uko katika kule kuvuta. Sinia latufundisha vingine. Wapishi wawili huvuta kwa nguvu zao zote, mmoja huku na mwingine kule, na kitu kizuri hutokea. Kwa nini? Kwa sababu kila baada ya kuvuta, hukunja. Wangevuta tu bila kukunja, kamba ingekuwa nyembamba, na nyembamba zaidi, mpaka ikatike, na kila mmoja abaki na kipande mkononi.

Tunaijua nyumba moja ya Kikristo katika kisiwa hiki. Mume alipokea mshahara, akapeleka sehemu kubwa kwa nduguye aliyekuwa na shida huko bara. Mke alikuwa amezitegemea fedha hizo kwa karo ya mtoto. Alipouliza, akajibiwa kwa ukali. Naye akajibu kwa ukali. Baada ya hapo wakanyamaza. Chakula kiliwekwa mezani bila neno. Ujumbe ulipitia kwa watoto: "Mwambie baba yako," "Mwambie mama yako." Jumapili waliketi benchi moja, wakaimba wimbo mmoja. Hali hiyo ilikwenda miezi miwili, na mtoto yuko nyumbani.

Mzee mmoja wa kanisa aliwatembelea. Hakuuliza nani mwenye haki. Alimgeukia mume akasema, "Baba, hebu nieleze wewe, mkeo aliumia kwa nini?" Mume akaanza kueleza habari za nduguye. Mzee akamkatiza kwa upole, "Hayo ni yako. Nimeuliza ya mkeo." Akanyamaza kitambo. Kisha akamgeukia mke, "Nawe mama, nieleze mumeo aliogopa nini." Naye akashindwa. Kwa miezi miwili kila mmoja alikuwa ameshika ncha yake kwa nguvu hata asijue ncha ya pili imeshikwa na mtu wa namna gani.

Hatutawaambia kwamba jioni ile mambo yote yalikwisha. Fedha zilikuwa zimekwenda, hazikurudi, na mtoto alikuwa amekosa masomo ya wiki nyingi. Lakini usiku ule mume alimwambia mkewe jambo ambalo hakuwa amemwambia, kwamba nduguye ndiye aliyeacha shule ili yeye asome. Na mke akamwambia kwamba hakukasirishwa na msaada ule. Alikasirishwa kwa kuusikia kutoka kwa jirani. Huko ndiko kukunja. Ncha mbili zililetwa pamoja.

Hata mitume walivutana. Someni Matendo ya Mitume sura ya 15. Paulo na Barnaba, waliokwisha kuhubiri pamoja na kuteswa pamoja, walishindana vikali juu ya kijana Marko, aliyekuwa amewaacha katikati ya safari. Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa, wakaachana. Tungeishia hapo tungesema kamba imekatika. Lakini fungueni Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 11. Paulo yuko kifungoni, anaona siku zake zimekaribia kwisha, naye anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Miaka ilikuwa imepita, na ncha ile ikaletwa.

Tena liko jambo la joto. Gubiti huvutwa ingali ya moto kiasi. Ukiishika mara itokapo jikoni, yakuunguza. Ukiiacha mpaka ipoe kabisa, huwezi kuivuta wala kuikunja; ukilazimisha yavunjika vipande. Ndivyo ilivyo hasira. Maneno yasemwayo katika ule moto wa kwanza huunguza, na kovu lake hukaa. Lakini wako wanaosema, "Nitanyamaza, yatapoa yenyewe." Naam, yatapoa, na yakipoa yatakuwa magumu. Ndiyo maana Mtume, katika somo letu la leo, atuonya tusiliache jua lizame tungali na hasira. Twapewa muda wa kutulia, wala si muda wa kuganda.

Na ndimu je? Katika mstari wa 25 twaamriwa tuvue uongo na kuambiana kweli. Kweli ina ukali. Nyumba isiyoambiana kweli huonekana tamu kwa muda, kisha siku moja yote imekuwa mchanga. Lakini kumbukeni kipimo: kijiko kidogo, kwa vikombe viwili vya sukari. Wako wapendwa ambao kwao kipimo kimegeuzwa, ndimu vikombe viwili na sukari kijiko, nao husema, "Mimi nasema kweli tu."

Tusieleweke vibaya. Penye ngumi, penye vitisho, hapo si kuvutana tena, ni kuumizana. Mtu wa namna hiyo hatumwambii avumilie mikononi mwa ampigaye. Na atafute usalama, na kanisa limsaidie. Tunalosema ni kwa wale wawili ambao kila mmoja angali ameshika ncha yake.

Basi, wewe unayetusikiliza, labda yuko mtu ambaye hamjasemezana. Huenda mko naye chumba kimoja, au yuko ng'ambo ya Likoni, au ng'ambo ya bahari. Hatukuambii uache haki yako. Ncha yako ishike. Lakini leo, kabla jua halijazama, piga hatua moja kuelekea kwake, umwulize swali lile la mzee: ni nini kilichomwumiza? Kisha usikilize mpaka amalize.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetukaribia tulipokuwa mbali nawe, zilainishe nyumba zetu kabla hazijapoa. Utupe kweli isiyounguza na upole usiodanganya. Uwakumbuke watoto wanaobeba ujumbe kati ya baba na mama. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, Amina.

Kwaherini, wapendwa, na Mungu awabariki.