Kifaransa Kinapoingia Darasa la Tano

Mtoto wa Bujumbura, Burundi, huanza shule kwa Kirundi. Kwa miaka minne ya mwanzo hesabu hufundishwa kwa Kirundi, na Kifaransa ni somo tu. Afikapo darasa la tano, mambo hugeuka: kitabu cha hesabu ni cha Kifaransa, maelezo ubaoni ni ya Kifaransa, na mtihani vilevile.

Matokeo yake yameshapimwa. Mwaka 2014 mpango wa PASEC, unaopima elimu ya msingi, ulilinganisha wanafunzi wa nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Watoto wa Burundi wa darasa la pili walipimwa kwa Kirundi, nao wakaongoza katika lugha: karibu 8 kati ya 10 walifikia kiwango. Katika darasa la sita mtihani ulikuwa wa Kifaransa. Hapo waliofikia kiwango cha kusoma walizidi nusu kwa kiasi kidogo tu, ingawa katika hesabu Burundi ilishika nafasi ya juu kabisa. Akili za watoto hawa hazina kasoro. Wanachokosa ni muda wa kukizoea Kifaransa kabla ya kukitegemea.

Na Kifaransa kina ugumu wake. Ngeli za Kirundi, kama za Kiswahili, hujitambulisha mwanzoni mwa neno. Kwa Kifaransa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na mara nyingi neno lenyewe halimpi mtoto dalili yoyote. Aliyezoea kumwita kila mtu "yeye" hujikuta akimtaja mama yake kwa "il", yaani yeye wa kiume, hata akiwa mtu mzima mwenye shahada. Irabu ya "rue", yaani barabara, haimo katika Kirundi wala Kiswahili, basi wengi huitamka sawa na "roue", gurudumu.

Ipo nafuu moja, nayo ni urithi wa Wabelgiji waliotawala hadi uhuru wa 1962. Mtoto wa Paris akihesabu 70 husema sitini na kumi, na 90 kwake ni ishirini mara nne na kumi. Wa Bujumbura husema septante na nonante, akaendelea na hesabu yake.

Faida ya Kifaransa? Ni kubwa, na si haki kumnyima mtoto yeyote. Chuo Kikuu cha Burundi hufundisha kwa Kifaransa. Gazeti la Iwacu na lile la serikali, Le Renouveau, huandikwa kwa Kifaransa. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, aliusimulia mji huu kwa Kifaransa katika Petit Pays, riwaya iliyopata tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka 2016. Mrundi mwingine, Roland Rugero, aliandika riwaya ya Baho! kwa lugha hiyohiyo, na maisha ya kijiji cha Burundi yakasomwa ng'ambo.

Ila mlango huo wa Kifaransa usifunguliwe kwa mtoto wa tajiri pekee, anayesikia Kifaransa mezani nyumbani. Tazama Buyenzi, mtaa wa Bujumbura: watoto wanaongea Kiswahili uwanjani na dukani, Kirundi kwa bibi, na hakuna aliyewaandikia sarufi ubaoni. Wamejifunza kwa kusema, kwa sababu walikuwa na mtu wa kusema naye. Darasani, penye wanafunzi wengi na vitabu vichache, mtoto anaweza kumaliza wiki nzima akinakili Kifaransa bila kutamka sentensi aliyoitunga mwenyewe.

Wapo walimu wa darasa la tano wanaoeleza somo kwa Kirundi kwanza, kisha wakalirudia kwa Kifaransa, na hufanya hivyo kwa kujificha, kana kwamba ni kosa. Wizara ya elimu iwaruhusu waziwazi, na kwa maandishi. Iwape pia saa ya mazungumzo kila siku, isiyo na daftari wala alama, watoto wakibishana kwa Kifaransa kuhusu mpira, bei ya samaki wa mukeke sokoni na mvua ya jana.