Taka kavu: tuanze na magunia, mashine ifuate

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za maendeleo za sharika za Karagwe na Kyerwa)



Naomba nianze kwa kukiri kosa. Katika semina moja niliyoiandaa mimi mwenyewe, washiriki 80 walikunywa maji ya chupa, mbili kila mmoja kwa siku, kwa siku mbili. Zilibaki chupa 320. Jioni tulizirundika nyuma ya kanisa tukazichoma moto. Moshi mweusi ulikwenda moja kwa moja jikoni, kwa akina mama waliotupikia. Mada ya semina ilikuwa utunzaji wa mazingira.

Tangu siku hiyo najiuliza: zile chupa tungezipeleka wapi? Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba mwaka 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Tunashukuru. Lakini chupa za maji na soda, madumu na maboksi bado vinaingia kila siku Kayanga, Omurushaka na Nkwenda.

Wenzetu wa mji wa Pune, nchini India, wana la kutufundisha. Waokota taka, wengi wao wanawake, waliunda chama mwaka 1993. Baadaye walianzisha ushirika wao, SWaCH, ulioingia mkataba na manispaa mwaka 2008. Hupita nyumba kwa nyumba. Kila kaya hulipa ada ndogo, na fedha za kuuza karatasi, chupa na vyuma ni zao. Kampuni nazo zimeingia. ITC, yenye viwanda vya karatasi, ina mpango wa kukusanya karatasi na taka kavu nyingine, kwa sababu viwanda vyake vinahitaji malighafi.

Je, sisi tunaweza? Tupige hesabu kwa ukweli. Chupa tupu za nusu lita zinatakiwa 50 hadi 100 kutimiza kilo moja. Zile 320 za semina hazikufika kilo saba! Na kutoka hapa hadi viwanda vya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Usharika ukienda peke yake, nauli itameza mauzo yote. Sharika zikiunganisha mizigo, chupa zikiwa safi na zimekandamizwa, tunaweza kujaza lori.

Hata hivyo, siwaahidi utajiri. Faida ya kwanza iko shambani: maganda na majivu kurudi kwenye migomba bila plastiki ndani yake, na mbuzi wetu kutokula mifuko.

Kwa hiyo naomba kila kamati ifanye mambo manne:

1. Kila kaya itenge taka kavu na zinazooza.

2. Usharika uwe na stoo ndogo, mizani na daftari.

3. Vijana wanaookota chupa na vyuma chakavu mitaani waitwe kwanza. Kazi hii walianza wao. Tusiwanyang'anye riziki kwa jina la mradi.

4. Semina zetu zitumie maji ya kuchemsha na vikombe. Na hili naanza nalo mimi.

Ndugu zetu wafadhili, mmetuuliza kama tunahitaji mashine. Kwa sasa, hapana. Tusaidieni mizani, glavu na usafiri wa mizigo ya kwanza, hadi tujue kama mauzo yanaweza kulipa nauli. Magunia yakijaa miezi yote, tutarudi kwenu na hesabu mkononi. Mashine isiyo na mzigo itakaa stoo ikishika kutu, nayo iwe taka kavu nyingine.