Mforosadi Haununuliwi

Leo hatutawachosha. Tunataka kusema juu ya mforosadi, ule mti ambao watoto wakila matunda yake hurudi nyumbani midomo myeusi.

Mwaka jana tulipanda vipandikizi na kikundi kimoja, karibu vyote vikakauka. Watu wakalaumu udongo, na mama mmoja akataka kujitoa. Lakini kosa lilikuwa letu. Tulivikata asubuhi, tukaviacha juani hadi jioni, na vingine tukavipanda kichwa chini.

Sasa fanyeni hivi. Kateni tawi lililokomaa, nene kama penseli, sentimita 20 hadi 25, lenye macho 3 au 4. Chini kateni mshazari, juu kateni sawa, ili msikosee upande. Pandeni siku hiyo hiyo, kivulini, theluthi mbili ziingie udongoni. Mwagilieni. Miezi 2 au 3 ikipita na mvua ikianza, hamisheni.

Matunda ni ya watoto, majani ni ya mbuzi na ng'ombe. Basi mwenye mti asimnyime jirani tawi. Yule mama alirudi, na yake imeshika.