Wale Wanaokaa Katika Bodi ya Mikopo



Tumeombwa kusema nanyi juu ya watu ambao kwa kawaida hatuwaoni mpaka wanapokosea. Ni wajumbe wa bodi za vyama vya kuweka na kukopa vijijini: mwenyekiti na makamu wake, wajumbe wa kamati ya mikopo, na wale wa kamati ya usimamizi ambao kazi yao ni kuyachungua madaftari ya wenzao. Wengi wao ni waumini wa parokia zetu. Ni walimu, wakulima, akina mama wa jumuiya, makatekista waliokwisha staafu. Jumapili tunaimba nao katika kwaya moja, Jumatatu tunawapelekea fomu ya mkopo. Na kwa kuwa msimu wa mikutano mikuu umekaribia, na baadhi yenu mlioketi hapa mtatajwa majina ili mgombee, tumeona afadhali tuyaseme mambo waziwazi.

Nchi yetu imejaribu njia mbalimbali za kumfikishia mkulima fedha. Mwaka 1971 Serikali iliunda Benki ya Maendeleo Vijijini, na kwa miaka mingi mikopo ya pembejeo, ya matrekta na ya mashine za kusaga ilipitia huko. Maamuzi makubwa yalifanywa mbali na shamba. Kisha mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, na kazi yao ikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka za mazao. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1984 benki ile ikageuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB. Lakini chama kilichovunjwa na kurudishwa kwa amri hakirudi na moyo uleule. Mkulima aliyeuona ushirika wake ukifutwa kwa tangazo alikuwa na haki ya kuuliza: deni hili ni la nani? Mikopo mingi haikulipwa. Mwaka 1991 ikabidi kianzishwe chombo maalumu cha kuyabeba na kuyadai madeni mabaya ya mabenki ya umma, na mwaka 1996 CRDB ikauzwa kwa wanahisa na kuwa benki ya biashara. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotangulia. Tunasema ili ionekane kwamba fedha isiyo na mwenyewe anayejulikana haina mlinzi.

Njia nyingine ilianzia mbali zaidi. Katika karne ya kumi na tisa alikuwako meya mmoja wa vijiji vya Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, ambaye aliiona njaa ya miaka ya 1846 na 1847 ikiwatia wakulima mikononi mwa wakopeshaji wa riba kubwa. Kwanza aliwakusanya matajiri wenye huruma ili wawasaidie maskini. Ilifaa kwa muda; lakini huruma nayo huchoka, na matajiri wakaanza kujitoa. Ndipo mwaka 1864, pale Heddesdorf, akaanzisha chama cha mikopo ambacho dhamana yake walikuwa wanachama wenyewe, kila mmoja akilibeba deni la wote. Eneo la chama lilikuwa dogo, kiasi cha parokia moja, ili watu wajuane. Wajumbe wa bodi hawakulipwa mshahara. Mtunza hesabu ndiye aliyelipwa, na huyo hakuwa na sauti katika kuamua nani akopeshwe.

Tunawaomba mlitafakari jambo hili la mwisho, kwa sababu kwetu mara nyingi liko kinyume. Meneja anayelipwa ndiye anayejua kila kitu, naye huileta orodha ya waombaji ikiwa imekwisha pangwa. Bodi hufika, hunywa chai, hutia sahihi, huchukua posho. Bodi ya namna hiyo haiongozi chama. Inakipamba tu.

Baadhi yetu tulioandaa mazungumzo haya tuliwahi kukaa katika bodi ya chama kama hiki, katika nchi ya kahawa. Hatutakitaja, maana kosa lilikuwa letu. Tulikutana darasani baada ya wanafunzi kuondoka, watu tisa tumekaa katika madawati ya watoto. Siku moja yaliletwa maombi ya mwenzetu wa bodi. Aliomba mara tatu ya akiba yake, kama taratibu zilivyoruhusu, lakini mkopo wa kwanza alikuwa hajaumaliza, na mmoja wa wadhamini wake alikuwa mdaiwa sugu. Akatoka nje ili tumjadili, kama inavyotakiwa. Akasimama karibu na dirisha. Tukamsikia akikohoa. Hapakuwa na mjadala. Kila mmoja alimtazama mwenzake, mwenyekiti akasema, “Nadhani hatuna tatizo,” na katibu akaandika kwamba mkopo umepitishwa kwa kauli moja.

Msimu uliofuata bei ya kahawa ikaanguka, naye hakulipa. Hapo ndipo tulipoyaona matunda ya ukimya wetu. Tulipowaendea wadaiwa wengine walituuliza kwa adabu kabisa iwapo tumekwisha pita kwa mjumbe fulani. Hatukuwa na jibu, tukaacha kuwaendea. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tuliwaondolea watu matanga, na msiba ukahamia kwa wale walioweka akiba zao.

Mwezi wa Januari alikuja mama mmoja mjane. Ilikuwa miaka ile ambayo shule za sekondari za serikali zilikuwa bado zinatoza ada, na mtoto wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Hakuja kukopa. Alikuja kuchukua akiba yake mwenyewe, shilingi alizokuwa akiziweka kila alipouza ndizi. Akaambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa akaambiwa arudi Ijumaa nyingine. Hakupiga kelele, alikifunga kitabu chake cha akiba katika pindo la khanga na kuondoka. Alilipwa mwezi wa Juni, kwa mafungu matatu. Mtoto alikuwa amepoteza nusu mwaka. Kelele tungeweza kuzivumilia. Ukimya wa mama yule hatujausahau hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu, tukiulizwa ni nini kinachoua vyama hivi, hatutasema kwanza wizi. Wezi wapo, na mahali pao panajulikana. Lakini kabla ya mwizi huwa kuna watu wema wanaooneana haya. Mjumbe hamkatalii shemeji yake. Hamuulizi mwenyekiti maswali, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyesimamia mazishi ya baba yake. Haya ni mambo mazuri ya utu wetu, wala hatutaki yafe. Lakini fedha iliyomo katika kasha si ya mjumbe hata aitoe kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Anayeitoa hivyo anafanya ukarimu kwa mfuko wa mjane.

Sheria zipo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inautambua mkutano mkuu wa wanachama kuwa ndicho chombo cha juu kabisa cha chama. Mkutano huo ndio unaochagua bodi, na ndio unaoweka ukomo wa madeni ambayo chama kinaweza kuingia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nayo imezitaka SACCOS ziwe na leseni. Wako wakaguzi wa nje, lipo shirika la COASCO. Haya yote ni mema. Hata hivyo mkaguzi hufika mara moja, mezani hukuta karatasi, na karatasi yetu ilisema “kwa kauli moja.” Mali bila daftari hupotea bila habari, sisi tuliipoteza daftari likiwapo.

Tumezungumza sana juu ya wanaume. Katika bodi nyingi tulizozijua akina mama walikuwa wawili au mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetumwa kuandaa chai. Kule Bangladesh, Benki ya Grameen, iliyopata hadhi ya benki kamili mwaka 1983, ilikuwa kwa miaka mingi na wajumbe tisa wa bodi waliochaguliwa na wakopaji wenyewe, nao walikuwa wanawake wa vijijini. Benki hiyo ilipotunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2006, mmoja wao ndiye aliyeipokea kwa niaba yake kule Oslo. Tusidhani kwamba mjumbe lazima awe na shahada. Lazima ajue kusoma jedwali la mapato na matumizi, na hilo hufundishika kwa siku chache. Lazima pia aweze kukaa kimya watu wote wakimtazama wakingoja akubali. Hilo hatujui linafundishwa wapi.

Sasa tunawaomba wanachama jambo moja katika mkutano mkuu. Taarifa itakapokwisha somwa, na kabla ya kufika kwenye ajenda ya mengineyo, mmoja wenu asimame aulize: wajumbe wa bodi, kwa jumla yao, wanadaiwa na chama kiasi gani, na ni wangapi kati yao waliochelewa kulipa? Si utovu wa adabu kuuliza. Mkiulizana mapema, mtaepuka kupelekana mahakamani.

Nanyi mtakaotajwa majina, msikubali siku hiyohiyo kwa sababu ya makofi. Ombeni kwanza kuiona leja ya mikopo, orodha ya wadaiwa na barua ya mwisho ya mkaguzi. Mkiambiwa kwamba funguo za kabati ziko kwa mtu aliyesafiri, basi ahirisheni kukubali mpaka atakaporudi.